Kisu cha Mkono wa Kushoto

Nyuma ya mashine za kukoboa mpunga pale Kahama huwa wanachoma pumba. Hazishiki moto vizuri, zinafuka tu siku nzima, na moshi wake una harufu ya ubwabwa ulioungulia chini ya sufuria. Mwezi uliopita nilipita hapo na mwanangu kununua mchele, nikajikuta nimesimama katikati ya njia. Akaniuliza nimesahau nini. Sikuwa nimesahau kitu. Nilikuwa nimemkumbuka baba yangu akiwa amechuchumaa mbele ya mlango wa jikoni, anachanganya majivu ya pumba na mafuta ya ng'ombe kwenye kifuniko cha kopo, taratibu, kwa kidole gumba na kidole cha mwisho. Vile vingine vitatu hakuwa navyo tena.

Baba alikuwa mchimbaji. Sisi tulioishi njia ile ya Kahama tuliwazoea baba wa namna hiyo, wanaoondoka kwenda upande wa Geita na kurudi baada ya wiki nne au tano, wekundu wa vumbi mpaka kwenye kope. Alifanya kazi na rafiki yake Shija, ambaye walikua pamoja tangu utotoni. Shija alikuwa na watoto mapacha, na mmoja wao, Kulwa, alikuwa rafiki yangu. Tulikaa dawati moja. Kwa hiyo kwangu mimi Shija hakuwa Shija, alikuwa baba yake Kulwa.

Ajali ilitokea kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe. Jiwe lilikwama, injini ikazimwa, baba akaingiza mkono wa kulia kulitoa. Shija akawasha injini. Hivyo ndivyo nilivyosikia habari ile, kwa maneno machache kama hayo, kutoka kwa watu wazima waliokuwa wanaongea wakidhani nimelala. Kwamba Shija alikuwa upande wa pili wa mashine na hakuuona ule mkono, kwamba kuna mtu alipiga kelele "Tayari!" akimaanisha jambo jingine kabisa, hayo sikuyasikia. Mtoto husikia nusu ya habari, halafu nusu inayobaki anaitengeneza mwenyewe.

Baba aliporudi kutoka hospitali alikaa miezi mingi bila kusema la maana. Alikuwa akikaa kwenye kigoda upande wa kivuli, mkono ameuweka mapajani kama kitu cha mtu mwingine alichopewa akishike. Mama alilima peke yake. Mimi nilijifunza kupita mbele ya baba bila kuburuza ndala.

Kisha siku moja akaanza kunoa kisu.

Hakikuwa kisu cha jikoni. Kilikuwa kifupi, chenye tumbo la mviringo na ncha iliyopinda kwenda juu, na mpini wa mti uliozungushiwa mpira. Sikujua kimetoka wapi. Alikuwa na mawe matatu. La kwanza lilikuwa jiwe la mchanga, la kawaida, lile ambalo kila nyumba ilikuwa nalo la kunolea majembe na mapanga. La pili lilikuwa la kijivu, limebapa, laini kuliko la kwanza. La tatu lilikuwa jeusi na liliteleza kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hilo alitoka nalo ndani ya duara, kule chini walikokuwa wakichimba, akalibeba hadi nyumbani kwa sababu tu lilimpendeza mkononi. Yote aliyalowesha kwenye beseni kabla ya kuanza.

Kunoa panga nilikujua. Ni kelele, ni haraka, unamaliza unaondoka. Huku kulikuwa kitu kingine. Baba alikishika kisu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao kabla ya hapo haukuwahi hata kushika kijiko, na mwanzoni kilimponyoka mara kwa mara. Alikiokota, akaanza upya. Kwenye jiwe la kwanza kisu kililia kwa kukwaruza. Kwenye la pili sauti ilipungua. Kwenye lile jeusi ilibaki kama pumzi ya mtu aliyelala chumba cha pili. Mwisho alikuwa na mkanda wake wa zamani wa suruali, wa ngozi halisi, aliokuwa ameupigilia msumari kwenye mwimo wa mlango wa jikoni. Aliupaka yale mafuta na majivu ya pumba, akaunyoosha, kisha akaburuza kisu juu yake kinyumenyume, mgongo ukitangulia na makali yakifuata. Kwenda, kugeuza, kurudi. Akimaliza alikipitisha kisu juu ya mkono wake wa kulia, na vinyweleo vikaanguka. Baada ya wiki mbili mkono huo ulikuwa na mabaka yaliyonyolewa kama kichwa cha mtoto mwenye mashilingi, yaani mapunye.

Sijui kama ningeogopa kwa hayo tu. Kilichonitisha ni nyanya. Baba alianza kumenya nyanya. Alikaa na sahani, akachanja nyanya mstari mmoja, kisha akaingiza kisu chini ya ganda na kulivua lote bila kulikata, akalitandaza kwenye sahani likiwa zima, jekundu, jembamba hadi unaona maua ya sahani kwa chini. Likichanika aliiweka kando, akachukua nyingine. Mama alizikusanya zile nyanya zilizovuliwa nguo akazitia kwenye mchuzi, wala hakuuliza kitu. Mama aliyekuwa akigomba kwa tone la mafuta lililomwagika hakuuliza kitu kuhusu nyanya. Hapo nikajua kuna jambo.

Jumatano ya wiki ile nilikuwa nyuma ya nyumba, naanua nguo kwenye kamba, nikawasikia dirishani.

"Na Shija anakuja lini?" mama aliuliza.

"Jumamosi asubuhi. Tutatoka naye."

"Mkono utaweza, Baba Limi?"

Limi ni mimi.

"Wa kushoto umeshakubali," baba alisema. "Nikishamlaza chali tu, naanzia kidevuni nashuka mpaka tumboni. Namchuna ngozi yote. Sitaacha tundu hata moja."

"Mungu akusaidie," mama akasema. "Lakini watoto usiwaambie. Limi atatangaza shule nzima."

Nilibaki pale na shati la mdogo wangu mkononi. Nguo zilikuwa zimekauka zamani lakini nilikuwa nahisi baridi. Niliyaunganisha yote mara moja, wala sikutumia akili nyingi: Shija aliwasha mashine, Shija anakuja Jumamosi, watatoka wote, na kisu kiko tayari. Na mama anaombea.

Leo nikiwasimulia watu wanacheka, nami hucheka nao. Lakini nataka niseme ukweli kuhusu siku zile mbili, Jumatano na Alhamisi, kwa sababu sijawahi kubeba mzigo kama ule tena, hata baada ya kuwa mtu mzima na mizigo yangu halisi. Ningesema kwa mwalimu, baba angefungwa. Nisingesema, Kulwa angekuwa yatima. Darasani sikuweza kumtazama. Alipoegemea bega langu kuangalia hesabu niliyoandika, nilijisogeza hadi pembeni kabisa ya dawati.

"Umenikasirikia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Basi mbona unakimbia?"

Mapumziko nikamuuliza, nikijitahidi sauti iwe ya kawaida, "Jumamosi baba yako anaenda wapi?"

"Anakuja kwenu," Kulwa alisema. "Ameazima baiskeli. Amefurahi sana, sijui wanaenda wapi."

Amefurahi sana. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakujua.

Ijumaa baada ya shule nikakata shauri. Mama alikuwa shambani na mdogo wangu. Baba alikuwa amekwenda kisimani kwa miguu, akirudi na ndoo moja moja kwa mkono wake mzima, nami nilijua angechukua muda. Kukificha kisu hakungesaidia, angekitafuta akakipata au angeazima kingine. Nilichofikiria ni kukiondolea makali. Kisu butu hakichuni mtu. Nilikitoa juu ya kabati, nikafungua kitambaa alichokifungia, nikazunguka nyuma kwenye ngazi ya saruji ya mlango wa uani, nikaanza kukikereza. Sikunoa, nilikatakata ile saruji kama mtu anayekata kuni. Mlio wake bado naweza kuusikia kwenye meno. Kila nilipokitazama niliona mstari wa makali ukimetameta, na mstari unaometa ni makali yaliyokufa. Hilo nilikuwa nimeshajifunza kwa kumtazama baba tu. Nikaendelea hadi mkono ulipochoka.

Nilipokuwa nakifuta ndipo nikaona damu kwenye kitambaa. Nilikuwa nimejikata kidole cha shahada tangu mwanzo, kisu kikiwa bado na ukali wake, na sikuwa nimesikia chochote. Nikafunga kidole kwa kipande cha kanga, nikarudisha kisu juu ya kabati, nikaenda kukaa na kuku.

Baba alirudi, mama akarudi. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa paa la jirani baba alipochukua kisu akaenda nacho kwenye mkanda wake. Ilikuwa aukamilishe tu ule ukali, dakika chache, halafu akifunge kwa ajili ya asubuhi. Akaweka kisu kwenye ngozi, akavuta. Kisu kikanasa. Akavuta tena, na mkanda ukachanika mchaniko wa urefu wa kidole.

Alikiinua kwenye mwanga. Akapitisha kidole gumba kukatiza makali, polepole. Kisha akatutazama mmoja mmoja: mama aliyekuwa akipepeta karanga, mdogo wangu aliyekuwa akila karanga, na mimi. Macho yake yakashuka kwenye kipande cha kanga kidoleni mwangu.

"Limi," akasema. "Njoo hapa."

Nilikwenda.

"Umekifanyia nini?"

"Nimekitoa makali."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema nilikuwa nakata muwa. Kilichotoka ni kingine. "Sitaki umchune baba yake Kulwa."

Ungo wa mama ukanyamaza. Baba alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua, na anasubiri mwenzake amtafsirie. Halafu niliona linamfikia. Alikaa chini pale pale, mlangoni, kisu akakiweka mbali.

"Ulisikia nini?"

Nikamwambia. Kidevuni, tumboni, bila tundu. Nilipofika kwenye "Mungu akusaidie" mama alijifunika uso kwa kanga, na sikujua kama analia au anacheka. Nadhani ni vyote viwili.

"Ni ng'ombe, mama," baba aliniambia. Baba zetu walituita hivyo walipotaka kutubembeleza. "Ng'ombe. Kesho naenda kujaribiwa pale machinjioni mjini. Wanatafuta mtu wa kuchuna ngozi. Shija ndiye aliyeniombea, amekwenda mara tatu kunisemea. Wamekubali nichune ng'ombe mmoja wakinitazama. Ngozi ikitoka na tundu, basi."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe."

Nilikaa chini mbele yake, nikalia kwa kelele, kilio cha mtoto anayejua kwamba hapigwi. Na katikati ya kilio, ule wepesi ulipokuwa unanijaa kifuani, nikakiona kisu pale kilipolala. Nikaelewa nilichofanya. Kesho ilikuwa kesho, na kisu kilikuwa msumeno.

Mama akasema, "Kaazime kingine kwa watu."

"Mkono wangu unakijua hiki," baba akajibu. Akatazama jua. "Limi, lete beseni. Na mawe yote."

Mwanga uliobaki ulikuwa wa saa moja, labda na nusu. Siku za nyuma alikuwa akilibana jiwe kati ya magoti, lakini vile lilikuwa likiteleza na kumchelewesha. Jioni ile akanikalisha mbele yake, nikalishika jiwe kwa mikono miwili, naye akafanya kazi. Kwenye jiwe la mchanga alitumia muda mrefu sana. Maji yalikuwa yakichuruzika meusi hadi kwenye magoti yangu. "Tunashusha chuma chote mpaka tuyafikie mapengo uliyoyatengeneza," akasema, bila kunisuta. Alikuwa ananieleza tu, kama anavyomweleza mwenzake kazini. Kulikuwa na pengo moja karibu na mpini lililogoma kabisa. Alilitazama, akalitazama jua, akasema, "Hili tuliache. Sehemu hii ya nyuma sitaitumia."

Alinishika kidole kizima akakipitisha nyuma ya makali, kutoka mgongoni kwenda nje, ili nisikie kinachokwaruza. Kulikuwa na kitu kama unywele, unywele wa chuma uliopinda. "Ukiusikia huu upande wote, ujue upande wa pili umekwisha. Tunageuza." Kwenye jiwe la kijivu unywele ukawa mwembamba. Kwenye jeusi nikawa siusikii kwa kidole, yeye bado alikuwa anausikia. Hakuwa anakandamiza tena. Uzito wa kisu wenyewe ulikuwa unatosha.

Tulikuwa kwenye jiwe hilo jeusi niliposema, "Mimi nilidhani unamchukia baba yake Kulwa."

Hakuacha kunoa. Kwenda, kurudi, kwenda, kurudi.

"Wiki ile ya kwanza hospitali," akasema, "yeye alikuwa akija kila siku kunilisha uji. Mimi nilikuwa nafumba macho ili nisimwone. Kama ningekuwa na kisu wakati ule, sijui." Akakichovya kisu kwenye maji. "Hukukosea sana, mama. Umechelewa tu."

Mtoto hataki kuambiwa kwamba hakukosea sana. Lakini leo nikifikiria, hakuna siku baba yangu aliyonipa heshima kubwa kuliko ile.

Mkanda ulikuwa umechanika, kwa hiyo alihamia sehemu ya juu iliyobaki nzima, fupi kama kiganja, akaupaka mafuta na majivu mapya. Mama alishika ncha ya chini kuunyoosha. Jua lilikuwa linaingia mitini. Alipomaliza hakukipitisha kisu kwenye mkono, vinyweleo vilikuwa vimekwisha. Mama akamletea nyanya. Akaivua. Ganda likatoka zima, akalitandaza kwenye kiganja changu, la baridi, na nikaona mistari ya kiganja kwa chini yake.

Shija alikuja asubuhi wakati mama anafagia uwanja. Alisimama mbali, nje ya ua wa minyaa, kama alivyokuwa akisimama siku zote tangu ajali.

"Mwangaluka," akaita, salamu yetu ya asubuhi.

"Mwangaluka," baba akaitikia, akatoka. Alimpa mkono. Alimpa ule wa kulia, na Shija akaupokea kwa mikono yake miwili, haraka, kama kitu kinachoweza kuanguka. Mimi nilimwamkia Shikamoo. Wakaondoka kwa baiskeli, baba amekaa nyuma, kisu amekifunga kiunoni.

Siku ile mama alifua nguo zilizokuwa safi. Mimi nilikaa kando ya barabara tangu saa nne. Malori yalipita yakielekea Isaka, wafugaji wakapita na ng'ombe, na kila ng'ombe nilimtazama kidevu. Nilikuwa nimekwisha kupona hofu ya kwanza, sasa nilikuwa na ya pili: lile pengo karibu na mpini. Niliona wazi jinsi linavyoingia kwenye ngozi na kuacha tundu, tundu langu mimi.

Walionekana alasiri, wanatembea, baiskeli wanaikokota katikati yao. Nikajaribu kusoma mwendo wao nikashindwa. Walikuwa wanatembea tu kama watu waliochoka. Baba alifika. Aliomba maji, akanawa mikono, akanawa uso, akanawa tena mikono. Mama alikuwa amesimama na taulo.

"Wameigeuza mara mbili," baba akasema hatimaye. "Mzee wao akaishika juani, akaipitia yote kwa macho. Nikadhani hamalizi."

"Halafu?" mama akauliza.

"Jumatatu naanza."

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, polepole, taulo bado mkononi. Hakupiga vigelegele wala kumshukuru mtu. Alikaa tu akivuta pumzi ndefu, moja, nyingine, nyingine, na sikuwa nimejua hadi wakati ule kwamba tangu ajali mama yangu alikuwa anapumua nusunusu.

Shija alikuwa anageuza baiskeli aondoke. Tangu karasha hakuwa amekula nyumbani kwetu. Akikaribishwa alikuwa na safari, au ameshiba. Baba akamwambia, "Kaa." Mama akainuka akasonga ugali, akapakua mlenda na maziwa ya mgando, na mimi nikaambiwa niwanawishe. Nilipoinama na jagi mbele yake, Shija aliona kile kipande cha kanga.

"Kidole kimefanya nini, Limi?"

Maji yalikuwa yanatiririka. Sikuinua macho. Nilimsikia baba akijibu badala yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Alikuwa ananisaidia kunoa."

"Wabeja," Shija akaniambia. Asante. Kisha akamega ugali, na alipomaliza mama akamwongeza, na hakukataa.

Jumatatu baba alitoka kwenda kazini kabla hatujaamka; akafanya kazi ile hadi nilipokuwa nimeshaolewa. Mimi nilifika shuleni mapema, nikafuta dawati, nikakaa katikati yake. Kulwa alipoingia alisimama kwanza, hakuwa na hakika. Nikasogea kidogo tu, kiasi cha kumpa nafasi. Akakaa. Akaniuliza wiki ile yote nilikuwa na nini.

Nikamwambia jino lilikuwa linaniuma.

"Limepona?"

"Limepona," nikasema.